Baba anataka mwili wake ugeuzwe udongo, ndugu zangu hawataki kusikia

Shikamoo Mama Mshauri,

Nakuandikia usiku kwa sababu mchana sipati nafasi, na baba akiwa macho sipendi anione nikihangaika na jambo hili.

Tunaishi California, mimi na yeye. Mama alitutoka miaka kadhaa iliyopita na amezikwa huku huku. Baba alinunua viwanja viwili vya makaburi vilivyopakana, kimoja cha mama na kingine chake. Tumezaliwa watatu: dada, kaka, halafu mimi kitinda mimba. Wenzangu wana familia zao katika majimbo mengine, kwa hiyo mimi ndiye niliyebaki na mzee.

Moyo wa baba umechoka. Ana kile kifaa cha kusawazisha mapigo kifuani, anameza dawa asubuhi na jioni, na daktari ametueleza bila kuzunguka kwamba tusitegemee muda mrefu. Yeye amelipokea vizuri kuliko sisi. Kinachonikosesha usingizi ni kile anachotaka kifanyike akishaondoka.

Hataki kuzikwa kwenye kile kiwanja kando ya mama. Hataki kuchomwa pia. Anataka mwili wake ugeuzwe udongo kwa ile njia mpya, ambapo maiti huwekwa kwenye chombo pamoja na vipande vya mbao na majani makavu mpaka kila kitu kigeuke mboji. Aliisikia redioni, akaanza kuifuatilia. Anajua kwamba Washington ndilo jimbo la kwanza kuiruhusu, sheria ikasainiwa Mei 2019. Anajua kwamba gavana wetu alisaini ya kwetu Septemba 2022, lakini haianzi kutumika hadi 2027, na kwa hali yake hategemei kufika huko. Kwa hiyo ameshapiga simu Washington mwenyewe. Wamemwambia wanapokea miili kutoka majimbo mengine, na gharama ni kama dola 7,000, usafiri mbali.

Nikueleze mzee ni mtu wa namna gani. Miaka yake yote ya kazi huku alikuwa mtunza bustani wa shule. Nyuma ya nyumba ana rundo la mboji ambalo halijawahi kukosekana tangu nikiwa mdogo. Ana kipimajoto kirefu cha chuma. Hukichomeka katikati ya rundo, akangoja, akakichomoa, akakipangusa kwenye suruali, kisha akaandika namba kwenye daftari lenye jalada la plastiki. Siku hizi hawezi kuligeuza, kwa hiyo mimi nashika uma wa bustani na yeye anakaa kwenye kiti akinielekeza. Tulikuwa pale siku aliyoniambia. Alisoma kipimajoto akasema, "Joto lenyewe ndilo hili watakalonipa mimi." Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Baba ni Mkatoliki na misa haikosi, hata sasa ananiomba nimpeleke. Hapo ndipo dada anapoumia. Alipopata habari alilia kwenye simu, akasema, "Baba si mbolea." Amesoma kwamba maaskofu wa California waliipinga sheria hii wakisema njia yenyewe ilibuniwa kwa ajili ya mizoga ya mifugo, na kwamba mwaka 2023 maaskofu wa Marekani nzima walitoa tamko kuwa haiupi mwili heshima unayostahili. Baba humjibu kwa kumkumbusha maneno anayoyasema padri akitupaka majivu Jumatano ya kuanza Kwaresima, kwamba sisi ni mavumbi na mavumbini tutarudi. Dada anasema huko ni kumchezea Mungu.

Kaka hana habari na ya kanisa. Yeye haamini kampuni yoyote ya mazishi. "Utajuaje ni baba? Watakupa mfuko wa udongo wowote ule, nawe utalia juu yake." Kisha hutaja yale ya Colorado, ile kampuni ya mazishi iliyokutwa na miili ikioza, na hapo mimi sina la kumjibu. Baba mdogo naye kapiga simu kutoka nyumbani akauliza ukoo utaonyeshwa kaburi gani.

Sasa baba amechapisha fomu, ile hati ya kumteua wakala wa mambo ya matibabu, ambayo huku humpa mtu huyo pia mamlaka juu ya mwili baada ya kifo. Kanieleza waziwazi kwa nini anaitaka. Mama hayupo, na bila hati, uamuzi unakwenda kwa walio wengi kati ya watoto. Tuko watatu, wawili wamekataa. Pale pa jina la wakala pako wazi, na amesema hataandika mpaka mimi nikubali. Fomu iko kwenye droo ya jikoni. Kila nikifuata kijiko naiona.

Nikikubali, nitakuwa nimewashinda ndugu zangu kwa karatasi. Dada ameshasema, "Ukifanya hivyo, usinihesabu." Nikikataa, nitakuwa nimemnyima baba kitu cha mwisho anachoniomba. Kuna nyakati nawaza nimkubalie tu ili aondoke na amani, halafu tumzike kando ya mama. Hatajua. Nikiwaza hivyo siwezi kumtazama usoni.

Na mimi mwenyewe, Mama, sijui niko upande gani. Ninachojua ni kwamba siku hizi nikishika ule uma kugeuza rundo, mkono unasita.

Nifanyeje?

Mtoto wa mwisho, California

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia tena kesho yake. Pole sana kwa kuuguza. Mtu anayemuuguza mzazi peke yake, wenzake wakiwa mbali na maoni yao yakiwa karibu, ana uchovu ambao watu wachache wanauona. Mimi nimeuona kwenye barua yako, hata pale usipoutaja.

Nikwambie nilivyokuelewa, unisahihishe nilipokosea. Baba yako anataka jambo ambalo sheria ya jimbo lenu imeshalikubali lakini haijalifungulia mlango, kwa hiyo itabidi mwili usafirishwe. Dada yako anaona jambo hilo linavunja imani. Kaka yako anaona ni mwanya wa utapeli. Wewe umewekwa katikati na karatasi, na unaogopa kwamba jina lako likikaa pale juu utakuwa umechagua upande.

Nianze na hapo. Mbona unahesabu kwamba kukubali kuwa wakala ni kukubali mboji? Baba hajakuomba uipende njia hii. Amekuomba uwe mdomo wake siku atakapokuwa hana wake. Unaweza kuibeba kazi hiyo huku moyo wako ukiwa bado na mashaka, na unaweza kumwambia hivyo. Mwambie, "Baba, mimi jambo hili linanitisha, bado sijalielewa." Mtu anayepima joto la mboji na kuliandika daftarini hachukii maswali. Nahisi angefurahi kuulizwa na mtoto anayetaka kujua, kwa sababu mpaka sasa watoto wake wengine wamemjibu tu, hawajamuuliza.

Umesema mkono unasita ukishika uma. Naamini unasita kwa sababu unachokiona kichwani ni lile rundo la nyuma ya nyumba, na baba ndani yake. Basi acha nikueleze kinachofanyika, maana jambo hili likiachwa kwenye mawazo ya usiku hugeuka kitu kingine kabisa.

Mwili haupakwi dawa za kuuhifadhi. Huvishwa sanda ya pamba na kulazwa ndani ya chombo kilichofungwa, chombo cha mtu mmoja, juu ya tandiko la vipande vya mbao, nyasi za alfalfa na majani makavu, kisha hufunikwa kwa hayo hayo. Kampuni kadhaa huruhusu familia kuwapo wakati wa kumlaza, na watu huweka maua au barua za karatasi. Hakuna wadudu wanaoongezwa. Bakteria waliomo mwilini na kwenye majani ndio wanaofanya kazi, na kazi ya kampuni ni kupeleka hewa ili bakteria hao wasife. Joto hupanda lenyewe. Kanuni za Washington zinataka lifike nyuzi 55 za Selsiasi na likae hapo saa 72 mfululizo, kwa sababu joto hilo huua vimelea vya magonjwa. Baba yako alikuwa anakwambia kweli alipokisoma kile kipimajoto.

Baada ya mwezi mmoja au zaidi kidogo hutolewa udongo. Vyuma vyote huondolewa. Kile kifaa cha kifuani kwake kitapaswa kutolewa mapema, kama ilivyo pia kwa wanaochomwa, kwa sababu ya betri. Mifupa haiozi yote yenyewe, husagwa kwa mashine na kurudishwa. Nakwambia hili la mifupa kwa makusudi, kwa sababu wengi hulijua wakiwa wamechelewa na likawaumiza. Ukweli ni kwamba hata majivu ya waliochomwa ni mifupa iliyosagwa, ila watu hawaambiwi mara nyingi. Kisha udongo huachwa upoe na utulie wiki kadhaa, na hupimwa maabara kuangalia vimelea na madini kama risasi, zebaki, kadimi na arseniki.

Kinachobaki ni kingi kuliko mnavyodhani. Ni karibu robo tatu ya meta moja ya ujazo, kiasi cha kujaza nyuma ya pikapu. Familia nyingi huchukua kidogo na kuacha kinachobaki kipelekwe kwenye msitu wa hifadhi. Nanyi mtapaswa kukaa na swali hilo mapema, si siku ambayo kampuni inapiga simu kuuliza mzigo uletwe wapi.

Sasa dada yako. Nakuomba usimchukulie kama mtu asiyeelewa. Ameelewa vizuri kabisa. Tamko la maaskofu la 2023 linasema kilekile anachokilia. Mwili na majani vimeungana kuwa kitu kimoja, na hakuna kinachoweza kutambulikana kuwa ni huyu mtu ili kilazwe mahali patakatifu ambapo waamini watakwenda kumwombea. Hilo la mizoga ya mifugo nalo si uzushi. Wakulima wa Marekani wameozesha mizoga kwa njia hii kwa miaka mingi, na Katrina Spade, mwanamke aliyesomea usanifu majengo na kuanzisha kampuni ya Recompose kule Washington, alianzia kwenye elimu hiyo hiyo. Wewe na baba mnaweza kuona kwamba chanzo cha njia si hoja. Yeye anaona ni tusi kwa mtu aliyembeba mgongoni. Sidhani kuna takwimu itakayomtoa hapo, na sikushauri uzitafute.

Lakini kuna jambo ambalo nyote watatu hamjalifanya, nalo ni kwenda kwa padri. Namaanisha padri wenu, yule anayemjua baba kwa jina. Kanisa lilikataza kuchoma maiti hadi 1963, kisha likaruhusu kwa masharti. Mwaka 2016 likasisitiza kuwa majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala kugawanywa kati ya ndugu. Desemba 2023 Vatikani ikajibu kwamba kiongozi wa kanisa anaweza kulifikiria ombi la familia kuhifadhi sehemu ndogo sana ya majivu mahali penye maana kwa marehemu. Sikwambii haya ili upate matumaini kwamba mboji itakubaliwa. Tamko la maaskofu liko wazi na hakuna aliyelifuta. Nakwambia ili mjue kwamba kuna maswali madogo yanayoweza kuulizwa. Misa ya mazishi inaweza kufanyika mwili ukiwapo, kabla haujasafirishwa? Ikiwa udongo wote utazikwa pamoja pale penye kaburi la mama, padri atakuja kuombea? Huenda akasema ndiyo kwa moja na hapana kwa lingine. Dada angesikia jibu kutoka kwenye kinywa anachokiheshimu, na baba naye angelazimika kulisikia. Ni hatari, maana jibu linaweza kuwa zito kwa baba. Yeye anaipenda misa yake. Je, anajua kanisa lake limesema nini hasa, au anajua tu kwamba halijapenda?

Kaka yako nimemwelewa zaidi ya alivyotegemea. Yale ya Colorado ni kweli. Mwaka 2023, katika mji wa Penrose, polisi walikuta karibu miili 190 ikiozea kwenye jengo la kampuni ya mazishi iliyojitangaza kwa mazishi ya kijani, yaani yasiyodhuru mazingira. Baadhi ya familia zilikuwa zimekabidhiwa unga usiokuwa majivu ya mtu. Kampuni ile haikuwa ya mboji, lakini somo lake linaihusu mboji moja kwa moja. Wakati huo Colorado ilikuwa imeshahalalisha mboji ya binadamu, tangu 2021, na sheria yake ya mboji ni kali. Inakataza kuuza udongo huo, inakataza kuchanganya watu bila idhini, na inakataza kuotesha chakula cha watu juu yake. Na bado jimbo hilo hilo halikuwa likiwadai wasimamizi wa mazishi leseni. Ilibidi msiba ule utokee ndipo mwaka 2024 wakatunga sheria za leseni na ukaguzi. Mimi naiunga mkono sheria inayoruhusu watu kuchagua, na kwa sababu hiyo hiyo nakasirika ninapoona kuhalalisha kunakwenda mbio na ukaguzi unafuata nyuma kwa miguu. Huenda ndiyo sababu California ilijipa muda hadi 2027. Mtu anayesubiri akiwa mgonjwa huumia kwa kuchelewa huko, nami siwezi kujifanya sioni.

Kwa hiyo usimjibu kaka. Mpe kazi. Mwambie apige simu Washington aulize anayotaka kuyauliza. Mwili unawekewa kitambulisho gani, na kinakaa nao mpaka lini? Joto linarekodiwa vipi, na familia inaweza kupewa rekodi hiyo? Majibu ya maabara yanatolewa? Mtu anaweza kufika kuona chombo? Wakaguzi wa jimbo walifika lini mara ya mwisho? Mkilipa kabla, fedha inakaa kwenye akaunti ya amana au inaingia mfukoni mwao, na kampuni ikifungwa inarudi kwa nani? Kampuni inayostahili itayajibu bila kununa. Kaka yako akikutana na inayonuna, atakuwa amewaokoa wote, pamoja na baba.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niirudie barua yako. Umenieleza vizuri sana kwa nini baba anapenda udongo. Hukunieleza hata kwa neno moja kwa nini hataki kulala kando ya mama. Viwanja alivinunua yeye. Alisimama pale siku ya kumzika mke wake akijua kwamba atalala hapo. Kitu gani kimebadilika?

Sijui jibu na sitaki kumwekea maneno mdomoni. Ila nafahamu mazishi ya kawaida ya Marekani yalivyo. Mwili hupigwa sindano za dawa yenye fomalini, huwekwa kwenye jeneza la chuma au mbao nzito, na makaburi mengi hutaka jeneza hilo literemshwe ndani ya sanduku la zege ili ardhi isibonyee na mashine za kukatia nyasi zipite. Mtu aliyefanya kazi na udongo maisha yake yote, akitazama mke wake akifungiwa kwenye zege, anaweza kuwa alibeba kitu moyoni siku ile na asimwambie mtu. Au labda ni gharama anayotaka kuwaondolea. Au labda ni jambo la wawili wao ambalo watoto hawalijui. Muulize. Muulize mkiwa pale nyuma ya nyumba, mahali anapoongea bila kujilazimisha.

Nasema hivi kwa sababu jibu lake linabadilisha njia zilizopo. Kama kinachomkera ni zege na dawa, basi kuna makaburi ya asili, na California inayo. Mwili usiopakwa dawa huzikwa kwa sanda au jeneza la mbao laini, bila sanduku la zege, ukarudi ardhini polepole. Kanisa halina ugomvi na hilo. Dada angekuwa na kaburi la kupiga magoti, na baba mdogo angekuwa na mahali pa kuonyeshwa. Hasara yake ni kwamba kiwanja cha kando ya mama huenda hakikubali mazishi ya namna hiyo, kwa hiyo wazazi wangelala mbali. Na nakuonya, usimpelekee baba njia hii kama ushindi wako. Ukiisema kwa namna ya kumtuliza, atajua.

Kama kinachomvuta ni mboji yenyewe, kazi ile na joto lile, kaburi la asili halitampa. Hapo mnaweza kuuliza uongozi wa makaburi kama udongo, au sehemu yake, unaweza kuzikwa kwenye kile kiwanja ambacho tayari ni chake. Kila makaburi yana kanuni zake, na udongo mwingi namna ile si mtungi mdogo. Lakini swali halijaulizwa. Ipo pia ile njia ya maji, ambapo mwili huyeyushwa kwa maji ya moto yenye alkali, ambayo Askofu Mkuu Desmond Tutu aliichagua kabla hajafariki Desemba 2021, na mabaki yake yakawekwa ndani ya kanisa kuu la Cape Town. California inairuhusu. Naitaja tu ili ujue ipo. Yeye alikuwa Mwanglikana, na lile tamko la maaskofu wenu limeikataa pamoja na mboji, kwa hiyo kwa dada haitasaidia kitu.

Gharama sitakaa nayo sana. Hizo dola 7,000 si ghali ukilinganisha. Chama cha wasimamizi wa mazishi cha Marekani kilikadiria mwaka 2023 kuwa mazishi ya kuaga mwili na kuzika yalikuwa kama dola 8,300, bila sanduku la zege wala kiwanja. Na ukisikia kampuni zikisema kila mwili unaogeuzwa mboji huokoa tani moja ya kaboni, kumbuka kwamba hizo ni hesabu zao wenyewe.

Sasa ile karatasi. Mimi si mwanasheria na nakusihi mkamwone mmoja, wewe na baba pamoja. Lakini alichokueleza mzee ndivyo sheria ya California inavyokwenda. Wakala aliyetajwa kwenye hati ya matibabu hutangulia, kisha mwenzi, kisha watoto kwa wingi wao. Kuna kipengele kingine ambacho huenda hakukitaja. Mtu anaweza kuandika mwenyewe maagizo ya mwili wake, na yakiwa wazi, na malipo yakiwa yamepangwa, waliobaki hawatakiwi kuyabadilisha kwa jambo kubwa. Ona tofauti yake kwako. Kwenye njia ya kwanza, wewe ndiye unayeamua, na dada atakukasirikia wewe. Kwenye njia ya pili, baba ndiye aliyeamua, wewe unatekeleza. Dada anaweza kukasirika vilevile, lakini atakuwa amekasirika na baba, akiwa hai, na anaweza kumpigia simu kumwambia. Muulizeni mwanasheria kama maagizo hayo yanasimama hata mwili ukivuka mpaka wa jimbo.

Kuhusu lile wazo la kumkubalia halafu kumzika kando ya mama, hujafanya kitu, kwa hiyo usijihukumu kwa wazo la saa nane za usiku. Wauguzaji wengi huwazia hivyo. Ila tazama nani angeibeba siri hiyo. Baba hangeibeba. Dada na kaka wangeibeba kama nafuu. Wewe ungeibeba kila ukienda kwenye kaburi lile. Kama jibu lako kwa baba ni hapana, ana haki ya kulisikia mapema ili ateue mtu mwingine, rafiki au hata mwanasheria. Hapana ya namna hiyo si kumnyima. Kumwachia nafasi wazi kwenye fomu mpaka siku zimwishie, hilo ndilo ninaloliogopa zaidi katika hali yako, kwa sababu halihitaji mtu kuamua lolote. Na itakapotokea, wengi wape.

Ningependa baba mwenyewe awapigie ndugu zako, wewe ukiwa umekaa kando yake bila kusema kitu. Mpaka sasa wanakusikia wewe ukimnukuu, na ni rahisi kumpinga kitinda mimba. Asiwaombe ruhusa. Awaeleze alichokiona na kwa nini, kisha awaulize wao wanahitaji nini ili waweze kumlilia. Dada anaweza kusema anahitaji misa na mahali pa kwenda. Kaka anaweza kusema anahitaji ushahidi. Hayo yote mawili yanaweza kutafutwa, hata kama hayatapatikana yote. Kuna uwezekano simu ikaisha kwa kilio na mtu akakata. Kama nguvu zake haziruhusu mazungumzo marefu, mrekodi akizungumza, kwa ridhaa yake.

Baba mdogo mwache kwanza. Swali lake la kaburi ni swali la dada kwa sauti nyingine, na mkipata jibu la mmoja mtakuwa na la kumwambia mwingine.

Jambo la mwisho ni la haraka kidogo. Njia yoyote mtakayochagua kati ya mboji na kaburi la asili haitaki dawa za kuhifadhi mwili, na ni vizuri kampuni ya mazishi ielezwe hivyo mapema. Ongea sasa na kampuni moja ya hapo mlipo kuhusu kuhifadhi mwili kwa ubaridi, ili kama misa itakuwapo, iwe na nafasi yake kabla ya safari. Namba ya simu yao iandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo wape nakala dada na kaka pia. Ukishaongea na mzee, niandikie.

Mama Mshauri